Maelezo ya picha si ushahidi: matishari ya Wajerumani na somo la data

Leo tunaweka kando seva na misimbo. Nataka kuzungumzia jambo ambalo kwa juujuu halihusiani kabisa na tarakilishi: namna ya kutambua matishari na vyombo vya kushushia askari ambavyo Wajerumani walivitumia pwani katika Vita vya Pili vya Dunia, kwa ajili ya kuunda modeli. Subiri, usiondoke. Uhusiano upo, na kwa mtu anayeandika programu za kuhifadhi data uhusiano wenyewe ni wa karibu sana.

Msimamo wangu nautoa mapema ili tusizungushane. Shida ya waunda modeli wa vyombo hivi si uhaba wa picha. Picha zimejaa tele. Shida ni kwamba tunachukua maneno yaliyoandikwa chini ya picha na kuyafanya ukweli uliothibitishwa. Mtu wa kwanza anaandika "chombo cha kushushia askari cha Kijerumani, 1943". Wa pili ananakili. Wa tatu anachora mchoro kutokana na picha ile. Wa nne anatoa seti ya plastiki kutokana na mchoro. Wa tano anaitumia seti ile kama ushahidi kwamba yule wa kwanza alisema kweli! Katika kazi yetu hicho ni kitanzi kisicho na mwisho, na programu yenye kitanzi cha namna hiyo huwa tunaizima.

PICHA ZIMETOKA WAPI?

Desemba 2008, Bundesarchiv, yaani hifadhi ya nyaraka ya taifa la Ujerumani, ilitoa zaidi ya picha 80,000 ziwekwe Wikimedia Commons kwa leseni huria. Kwa mtu aliye Nairobi au Kisumu, asiye na nauli ya kwenda Koblenz, hiyo ilikuwa neema. Picha nyingi za vita katika mkusanyiko ule zilipigwa na wapiga picha wa vikosi vya propaganda vya jeshi lao. Hifadhi yenyewe iliandika wazi kwamba mara nyingi imeacha maelezo ya awali kama yalivyokuwa, kwa ajili ya kumbukumbu, na kwamba maelezo hayo yanaweza kuwa na makosa, upendeleo au siasa kali.

Hebu fikiria. Mwenye data mwenyewe anakuonya kuwa uga wa "maelezo" haujakaguliwa, na sisi bado tunautafutia majibu humo humo! Mpiga picha wa propaganda hakulipwa ili atofautishe aina ya A na aina ya D. Alilipwa aonyeshe askari wenye nyuso za ushindi.

Upande wa pili kuna tatizo la majina mawili kwa kitu kimoja. Chombo ambacho Wajerumani walikiita Marinefährprahm, kwa kifupi MFP, nyaraka za Waingereza zinakiita F-lighter, na pengine Flak lighter. Ukitafuta kwa jina moja unakosa nusu ya picha. Ukitafuta kwa neno la jumla kama "tishari" unapata kila kitu kinachoelea. Aliyewahi kusafisha orodha ya wateja ambamo mtu mmoja ameandikishwa mara tatu kwa tahajia tatu anaujua uchungu huu.

KWA NINI KUNA AINA NYINGI HIVI?

Historia yenyewe inasaidia kupanga mambo, kwa hiyo tuipitie haraka.

Katikati ya 1940 Ufaransa ilikuwa imeshindwa, na Hitler akaamuru maandalizi ya kuvuka bahari kuishambulia Uingereza, operesheni iliyoitwa Seelöwe, yaani simba wa bahari. Tatizo: Ujerumani haikuwa na vyombo vya kushushia jeshi ufukweni isipokuwa vichache vya majaribio. Wakakimbilia matishari ya mitoni. Wakakusanya karibu 2,400 kutoka Ujerumani kwenyewe, Uholanzi, Ubelgiji na Ufaransa, na takriban 800 tu kati ya hayo ndiyo yaliyokuwa na injini. Mengi yalikuwa ya aina mbili: péniche, yenye urefu wa mita 38.5 na uwezo wa tani 360, na Kampine, yenye urefu wa mita 50 na uwezo wa tani 620. Omo zikakatwa ili vifaru na magari yapite, sakafu zikaimarishwa kwa zege. Tarehe 17 Septemba 1940 Hitler akaahirisha operesheni, na haikufanyika tena.

Kando ya matishari yale kulikuwa na koo tatu za vyombo vipya, na kila ukoo ulikuwa na mwenyewe.

Jeshi la majini likaunda MFP. Ya kwanza ilishushwa majini 1941, na hadi mwisho wa vita ziliundwa kama 700. Aina ya A ina urefu wa mita 47.04 na upana wa mita 6.53. Aina ya D, iliyokuja baadaye, inakaribia mita 50. Injini ni tatu za dizeli, mwendo ni noti 10 hivi. Zilifanya kazi Bahari ya Kati, Bahari Nyeusi, Baltiki, mlango bahari wa Uingereza, hadi pwani ya Norwe.

Jeshi la anga nalo likawa na lake, feri ya Siebel, iliyobuniwa na Fritz Siebel, mtu wa viwanda vya ndege. Yeye alichukua pontuni za madaraja ya jeshi, akaziunganisha upande huu na upande huu, katikati akaweka sitaha pana. Ni kama ngalawa mbili zilizobeba uwanja mmoja.

Jeshi la nchi kavu, kupitia wahandisi wake, likawa na Pionierlandungsboot, kuanzia namba 39 na kuendelea. Hizi ni boti ndogo. Namba 39 ina urefu wa mita 20 hivi, chini ya nusu ya MFP.

Majeshi matatu ya nchi moja, kila moja na ofisi zake, likitengeneza suluhisho lake kwa tatizo lile lile. Kama umewahi kufanya kazi ambako idara tatu zina mifumo mitatu ya mishahara, huna haja ya kuelezwa zaidi.

MASWALI KWA MPANGILIO

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Mimi nashikilia kwamba kutambua chombo kunafaa kufanywa kama mti wa maamuzi: unaanza na swali ambalo jibu lake halibadiliki, unamalizia na lile linalobadilika kirahisi. Wengi hufanya kinyume. Huanza na mzinga, kwa sababu mzinga ndio unaovutia macho.

1. Ni kiunzi kimoja au viwili? Ukiona maji yakipita katikati ya pontuni mbili, hiyo ni Siebel au jamaa yake, na MFP zote umeziondoa kwa mkupuo mmoja. Siebel za mwanzo zilibeba hata injini kuukuu za ndege zenye pangaboi za kusukuma hewa, pamoja na injini za magari za kuzungusha pangaboi za majini. Ukiona pangaboi la ndege juu ya tishari, usipoteze muda.

2. Omo inafungukaje? MFP ina omo bapa na daraja moja linaloangukia mbele, kama lile ambalo watu wa Mombasa hulikanyaga kila siku wakivuka Likoni. Pionierlandungsboot 39 ina milango miwili inayofunguka kama ya kabati. Tishari la mto la 1940 lina omo ya mviringo iliyokatwa, na dalili za kukatwa huwa zinaonekana.

3. Uwiano wa urefu kwa upana ni upi? Siebel ya mwanzo ni karibu mita 24 kwa 14, yaani uwiano wa 1.7. MFP ya aina ya A ni 7.2. Tofauti hii huwezi kuikosa hata katika picha iliyopigwa kutoka angani. Lakini hapa kuna mtego: Kampine ni mita 50 kwa 6.6, uwiano wa 7.6, na MFP ya aina ya D ni mita 49.8 kwa 6.6, uwiano wa 7.5. Ukitegemea vipimo peke yake, tishari la mto na chombo cha kivita vinakuwa kitu kimoja! Ndiyo maana swali hili limekuja la tatu, baada ya omo.

4. Picha ni ya lini? Tarehe haithibitishi, ila inakanusha vizuri sana. Picha ya Septemba 1940 iliyopigwa bandarini Antwerp haiwezi kuwa ya MFP, hata kama vipimo vinalingana, kwa sababu MFP hazikuwepo. Itumie tarehe kama tunavyotumia sharti la kukataa data mbovu mlangoni.

5. Ni akina nani waliomo? Sare za jeshi la majini, la anga au la nchi kavu ni dalili ya ukoo. Lakini tenganisha mabaharia na abiria. Askari wa miguu mia mbili waliosimama kwenye sitaha hawakuambii mwenye chombo ni nani. Anayeshika usukani ndiye anayekuambia.

6. Silaha ni zipi? Hili ni swali la mwisho, tena kwa makusudi. Silaha ni mpangilio tu, ukoo hazikuonyeshi. MFP ile ile ingeweza kubeba mizinga midogo ya kutungulia ndege leo, na kesho ikaongezewa mingine. Baadhi zilifanywa Artilleriefährprahm zenye mizinga ya milimita 88, nyingine zikafanywa za kutega mabomu baharini. Na mizinga ya milimita 88 ilipakiwa kwenye Siebel pia. Anayesema "ina 88, kwa hiyo ni fulani" anachanganya darasa na thamani iliyowekwa ndani yake. Kwa lugha yetu, hajui tofauti ya klasi na kigezo.

JARIBIO: MESSINA, AGOSTI 1943

Tuupime mti huu kwa kisa cha kweli. Kati ya tarehe 11 na 17 Agosti 1943 Wajerumani waliondoa jeshi lao Sisili kupitia mlango bahari wa Messina, ambao penye wembamba ni kama kilomita 3. Usafiri wa baharini ulisimamiwa na Gustav von Liebenstein. Walivusha karibu askari 40,000 na magari zaidi ya 9,000, jambo ambalo mpaka leo wanahistoria wanalijadili kwa kushangaa.

Vyombo vilivyotumika? Vyote. MFP, feri za Siebel na boti za wahandisi, wiki ile ile, katika maji yale yale. Kwa hiyo picha iliyoandikwa "Messina, 1943" haikusaidii kitu kuhusu aina. Mahali na mwaka vinalingana kwa koo zote tatu. Maswali ya kwanza mawili, la kiunzi na la omo, ndiyo yanayotoa jibu. Na kama picha imekatwa na hayo mawili hayaonekani, jibu la kweli ni "haijatambuliwa". Katika hifadhidata, uga mtupu ni bora mara mia kuliko uga uliojazwa kwa kubahatisha, maana mtupu unaonekana na utajazwa siku moja. Uliobahatishwa hakuna atakayeurudia.

JAMBO AMBALO MODELI NYINGI HUKOSEA

Kuna kipimo kingine ambacho hakionekani kwenye picha nyingi, nacho ni kina cha chombo majini. MFP ya aina ya A ilizama mita 1.45 hivi tu. Kipimo hiki kiliamua mapigano. Boti za Waingereza zilipozirushia topido MFP kwenye pwani ya Italia, topido zilipita chini yake na kwenda zao. Machi 1944 Waingereza wakabadilisha mbinu. Wakatoka Corsica na vyombo vya kushushia vilivyofungwa mizinga ya inchi 4.7, chini ya Kamanda Robert Allan, na usiku wa tarehe 27 wakazamisha MFP sita kwa mizinga badala ya topido.

Sasa mtu anaunda modeli nzuri, rangi safi, halafu anaizamisha kwenye bahari yake ya gundi kama vile ni meli ya mizigo yenye kina cha mita nne. Ameondoa kile hasa kilichofanya chombo hiki kiwe kigumu kuua. Kwa skeli ya 1/72, mita 1.45 ni milimita 20 tu. Pima.

Na ukishika skeli, utajua pia ni wapi pa kubishana na wapi pa kunyamaza. MFP ya aina ya A kwa 1/700 ni milimita 67, kwa 1/350 ni 134, kwa 1/72 ni 653, na kwa 1/35 ni zaidi ya mita 1.3, yaani utahitaji kuhamisha meza. Tofauti kati ya A na D ni mita 2.76. Kwa 1/700 hiyo ni milimita 4, na wengi hawataiona. Kwa 1/72 ni milimita 38, na hapo umeunda chombo kingine kabisa. Kwa hiyo usikivu wa vipimo utegemee skeli, kama vile sisi tunavyochagua desimali ngapi za kuhifadhi kulingana na matumizi.

NINGEPENDA TUANDIKE HIVI

Pendekezo langu ni dogo na halihitaji programu ya gharama. Hata faili ya maandishi inatosha. Kila picha iwe na safu nne zisizochanganywa: kwanza, nani alisema nini, yaani maelezo ya awali neno kwa neno, pili, ninachokiona kwa macho, bila jina, tatu, hitimisho langu, nne, sababu za hitimisho hilo. Wengi tuna safu moja tu, na humo tumechanganya maneno ya mpiga picha wa 1943 na dhana ya mtu wa juzi. Kesho hitimisho likipinduliwa, safu ya pili inabaki salama. Alichokiona mtu hakiozi.

Najua kuna atakayesema tuiache mashine ifanye. Siku hizi mifumo ya akili bandia inatambua picha kwa sekunde. Sawa, lakini mifumo hiyo inafundishwa kwa picha pamoja na maelezo yake. Ukiilisha maelezo mabovu inajifunza ubovu, na inaurudisha kwako kwa sauti ya kujiamini. Zaidi ya hayo sasa zipo mashine za kutengeneza picha za vita ambazo hazikuwahi kupigwa. Omo ya MFP, usukani wa Siebel, vyote kwenye chombo kimoja! Asiye na mti wake wa maamuzi atakiunda chombo hicho, na ataweka namba ubavuni.

"LAKINI NI MCHEZO TU"

Hili ndilo pingamizi ninalolisikia zaidi, na lina haki ya kujibiwa. Kuunda modeli ni starehe, kwa nini tusumbuane?

Jibu langu ni kwamba vyombo hivi havikubeba vifaru peke yake. Mwanzoni mwa 1945, kwenye ghuba ya Danzig, MFP zilivusha wakimbizi kwa maelfu. Mwishoni mwa Aprili mwaka ule ule, wafungwa wa kambi ya Stutthof walipakiwa kwenye matishari na kuvutwa kuelekea magharibi kupitia Baltiki. Wengi walikufa kwa njaa, kiu na risasi, na waliofika walitua Neustadt tarehe 3 Mei, siku chache kabla ya vita kwisha. Waliookoka wameeleza walichokaa ndani yake: kimo cha ukuta, giza la chini, njia ya kupandia. Maelezo kama hayo yanathibitika pale tu ambapo tunajua tishari lipi lilikuwa na ukuta upi. Tukishaharibu majina ya vyombo kwa uvivu, tunamnyang'anya shahidi chombo chake, na tunampa anayetaka kukanusha tundu la kupenyea.

Unda modeli yako, furahi nayo, weka kabatini. Ila kibao cha jina chini yake ni dai la kihistoria, hata kama kimeandikwa kwa herufi za milimita 3. Kama hujui ni MFP ipi, andika tu "MFP, aina haijatambuliwa". Hakuna aibu. Aibu ni kuweka namba ya uongo ambayo mtoto wa mtu ataikuta na kuinakili.

Haya basi, nimesema yangu. Kama kuna mwenye swali la saba la kuongeza kwenye mti wetu, au anayeona mpangilio wangu umekosea, maoni yako wazi hapa chini. Ila tafadhali, usiniletee picha kisha uniambie "imeandikwa hivyo". Niambie umeona nini.